Kompyuta ya kichogo kwenye faiba ya nyumbani: iingie, ila isifike mbali

Faiba, intaneti ya waya wa kioo, imeanza kuingia majumbani Tabora mjini, na mtu akishafungiwa ruta haichukui muda kabla hajaikumbuka ile Pentium 4 ya kwenye kona, yenye Windows XP na kioo cha kichogo. Nayo iunganishwe? Wapo wanaosema inawezekana kabisa, wapo wanaosema itupwe. Naona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Wa kwanza wako sahihi kuhusu waya. Geuza sipiyu utazame mgongoni, mara nyingi utakuta matundu mawili yanayofanana. Dogo ni la modemu ya simu, enzi za kupiga namba na kuambulia kilobiti 56 kwa sekunde. Kubwa ndilo la mtandao, na waya wa ruta unaingia humo. Kadi nyingi za miaka ile zinakwenda megabiti 100 kwa sekunde, na ruta za leo hushuka zenyewe kuzifuata. Ukilipia kifurushi cha megabiti 20, kadi hiyo bado ina nafasi tele. Anayedai mashine haiendani na kasi ya faiba hajaiangalia.

Kazi inaanza ukifungua kivinjari. Tovuti nyingi sasa hazikubali usimbaji (ule ufichaji wa data ikiwa njiani) wa chini ya kiwango cha TLS 1.2, na Internet Explorer 8, toleo la mwisho kwa XP, ilitoka bila kuujua. Chrome iliiacha XP mwaka 2016, Firefox ikafuata mwaka 2018. Halafu kuna betri ya ubao, CR2032. Ikifa, umeme ukikatika tu tarehe inarudi miaka ya nyuma, na tovuti hazifunguki kwa sababu kwa hesabu ya mashine cheti cha tovuti, kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe, bado hakijaanza kutumika. Nimemwona fundi akibadili waya na kuilaumu ruta, kumbe saa pale chini kulia inasoma Januari 2002.

Wanaotaka itupwe wana hoja nzito zaidi. Microsoft iliacha kuitengenezea XP viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na wengi wanaikumbuka Blaster, mdudu wa Agosti 2003 aliyeingia kwenye mashine bila mtu kubofya chochote. Lakini zama zile kompyuta nyingi zilikaa wazi mtandaoni. Leo ruta inazificha zote nyuma ya anwani moja, na anayebisha kutoka nje kwa kawaida hapati mlango. Mimi naogopa zaidi kinachoingia kwa mkono: flashi iliyotoka steshenari, ikapita kwa wanachuo, ikachomekwa nyumbani.

Na hapo ndipo watetezi wa mashine kongwe wananikera kidogo, maana ili iunganishwe huwa wako tayari kulegeza kila kitu kingine. Laptopu ya zamani haishiki Wai-Fai? Wanaingia kwenye ruta na kuishusha hadi WEP, ulinzi uliojulikana kuvunjika tangu mwaka 2001. Kuanzia hapo simu ya mama yenye pesa zake inatumia mtandao ambao kijana wa jirani anaweza kuufungua kwa programu ya bure. Mafaili hayasomeki kati ya XP na Windows 10? Wanaiwashia mashine mpya SMB 1, itifaki kongwe ya kushirikiana mafaili, ileile iliyopitiwa Mei 2017 na WannaCry, mdudu aliyefunga mafaili ya watu na kudai pesa. Mpya inadhoofishwa ili ya zamani ijisikie nyumbani. Hili silikubali hata kidogo. Ruta ndogo ya pili, inayopokea Wai-Fai ya wageni na kutoa waya, inamaliza shida ya kwanza. Ya pili inaisha kwa folda ya FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, kwenye mashine mpya.

Umeme nao usisahaulike. Pentium 4 na kichogo chake zinafika wati 150 kirahisi. Zikiwaka saa nane, uniti moja na ushee ya LUKU imekwenda. Kama lengo ni YouTube na barua pepe, simu ya kawaida inafanya vizuri zaidi kwa umeme kidogo sana. Kubadili kwenda Linux, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, kulikuwa jibu zuri, ila hata Debian, aina ya Linux iliyozibeba mashine hizi miaka mingi, toleo lake la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32, ambacho mashine nyingi za zama zile zinakihitaji.

Hivyo naipima kwa kazi yake. Ipo mashine inayostahili kuunganishwa: yenye daftari la mauzo ya tumbaku la miaka mingi kwenye programu isiyofunguka Windows mpya, au inayoendesha printa ya plagi pana ya pini 25 ambayo bado inapiga risiti za nakala tatu. Hiyo iunganishwe kwa waya. Kwenye mipangilio ya mtandao ipe anwani kwa mkono, na sehemu ya lango (gateway), njia ya kutokea kwenda intaneti, iache tupu. Itaziona kompyuta za humo ndani, itapokea na kutuma mafaili, lakini intaneti haitaifikia. Hesabu za jana zinahamia kwenye laptopu, zinatumwa kutoka huko, na mashine ya kichogo haiguswi na nywila hata moja ya benki.