Joho jekundu lililotoka jeusi

Mchoraji Mfaransa Paul Delaroche alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye kampuni ya Goupil ya Paris, wachapishaji wa picha, ikatoa kazi zake zikiwa zimepigwa picha na Robert Jefferson Bingham, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi jijini humo. Wengi huuona mkusanyiko ule kuwa kumbukumbu tu ya michoro. Mimi nauona kuwa kazi inayojitegemea, tena inayomfichua Delaroche kuliko rangi zake mwenyewe.

Delaroche alipenda historia ya majonzi: Jane Grey, malkia wa Uingereza wa siku chache, aliyefungwa kitambaa machoni, akipapasa gogo la kukatiwa kichwa, watoto wawili wa mfalme, wamekumbatiana kitandani ndani ya Mnara wa London. Kabla ya kamera, michoro ya namna hii iliwafikia watu kupitia bamba la chuma lililochongwa kwa mkono. Mchongaji wa chapa Henriquel-Dupont alitumia miaka kadhaa kuchonga mchoro mmoja tu wa Delaroche, ule wa ukutani katika École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha Paris, na chapa zake zikatoka mwaka 1853. Kazi safi sana, lakini kila mstari ni wa Henriquel-Dupont.

Kamera nayo haikuwa na ukweli mtupu. Kolodioni ya wakati ule, yaani utando wa kunasa mwanga uliopakwa kwenye bamba la kioo la kamera, iliona buluu kupita kiasi, na nyekundu karibu haikuiona kabisa: anga likatoka jeupe, joho jekundu la kadinali likatoka jeusi kama kaniki. Mara nyingi negativu ziliguswaguswa kwa brashi ili kuficha kasoro hiyo. Dawa ya kweli ilianza kupatikana mwaka 1873, mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel alipogundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu huona zaidi ya buluu. Kwa hiyo anayesema kamera "ilinakili tu" hunishangaza.

Lakini ziondoe rangi, na kinachobaki kwa Delaroche ni jukwaa. Aliwapanga watu wake kama mwongozaji wa tamthilia: nani asimame, nani apige magoti, mwanga umwangukie nani. Kwenye karatasi ya hudhurungi iliyopakwa ute wa yai, mpango huo unaonekana waziwazi. (Wanafunzi wake Gustave Le Gray na Charles Nègre wakawa wapiga picha wakubwa. Sidhani ilikuwa bahati.)

Kinachoniudhi ni wanaoziweka nakala hizi mtandaoni: huifuta ile hudhurungi, hukata ukingo wenye jina la Bingham, kisha chini yake huandika Delaroche peke yake.