Ukomo wa Mihula Uanzie kwenye Kiti cha Spika

Magavana wa majimbo mengi ya Marekani hawaruhusiwi kuongoza zaidi ya mihula miwili mfululizo, na huko Virginia gavana aliye madarakani hawezi hata kugombea muhula unaofuata. Kwa hilo sina ubishi, kwa sababu gavana huteua wakuu wa idara, hutia saini sheria na hupanga bajeti, na mamlaka ya aina hiyo yakikaa mikononi mwa mtu mmoja kwa muda mrefu huzaa watu wanaomtumikia yeye badala ya jimbo. Linalonisumbua ni ukomo waliowekewa wabunge wa majimbo, ambao leo unatumika katika majimbo 16, na ambao kwa maoni yangu mara nyingi umewaadhibu watu wasiohusika.

California ni mfano ulio wazi. Mwaka 1990 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 140, ambalo liliwapa wabunge wa Baraza la chini miaka sita na maseneta miaka minane, kisha wasirudi tena maisha yao yote. Aliyelengwa hasa na watetezi wake alikuwa Willie Brown, Spika tangu 1980. Ili kumng'oa mtu mmoja, jimbo lilikubali kuwaondoa wote, na pendekezo hilohilo likapunguza sana fedha za kuwalipa wataalamu wanaolisaidia bunge. Mwaka 2012 wananchi haohao walibadilisha utaratibu na kumruhusu mbunge kutumikia miaka 12, hata kama yote ataimalizia katika baraza moja.

Michigan ilikwenda njia hiyohiyo mwaka 1992. Ukomo ulipoanza kuuma katika uchaguzi wa 1998, zaidi ya nusu ya wajumbe 110 wa Baraza la Wawakilishi waliondoka kwa mkupuo. Hebu tuangalie maana yake ndani ya jengo la bunge mjini Lansing. Mjumbe mpya anaapishwa Januari, na mwaka wa fedha wa jimbo unaanza Oktoba 1, hivyo katika miezi michache anatakiwa aielewe bajeti ya shule, magereza, barabara na matibabu ya maskini, huku akijua kwamba miaka yake sita imeshaanza kuhesabiwa. Swali dogo tu, kwamba kifungu fulani kiliwekwa kwa sababu gani miaka kumi iliyopita, halina wa kulijibu miongoni mwa wenzake. Anayejua ni mshawishi wa kulipwa anayesubiri kwenye ukumbi wa nje, ambaye hana ukomo wa mihula na ambaye jibu lake lina maslahi ya mteja wake. Mwaka 2022 wapiga kura wa Michigan nao waliamua kuwa miaka 12 kwa jumla inatosha, na naamini walifanya vyema.

Wanaosema kwamba muda mfupi huzuia ufisadi wanapaswa kuitazama habari ya Rick Johnson. Alikuwa Spika wa Michigan kuanzia 2001 hadi 2004, akaondoka kama sheria ilivyotaka, akawa mshawishi, kisha akateuliwa mwenyekiti wa bodi ya leseni za bangi ya matibabu. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miezi 55 kwa kupokea rushwa akiwa katika bodi hiyo. Sheria ilimtoa bungeni kwa wakati wake, lakini haikuangalia mlango aliotokea wala ule aliouingia baadaye.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka kusiwe na ukomo wowote, na sababu yangu ni Illinois. Michael Madigan aliingia bungeni 1971, akawa Spika tangu 1983 hadi 2021 isipokuwa miaka miwili tu katikati, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa pia mwenyekiti wa chama chake jimboni. Muswada asioutaka ulifia kwenye kamati, na mjumbe aliyemkaidi alijua fedha za kampeni zinatoka wapi. Mwaka 2025 alipatikana na hatia ya rushwa na akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu. Nguvu zake hazikutokana na kuwa mjumbe wa miaka mingi. Zilitokana na kukalia kiti kile muda wote huo, na ndicho kiti kinachopaswa kuwekewa ukomo mkali kuliko ubunge wenyewe.

Illinois yenyewe imeanza kuliona hilo. Seneti mwaka 2017, na Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, ziliweka kikomo cha miaka kumi kwa viongozi wao. Tatizo ni kwamba kikomo hicho kimo katika kanuni za mabaraza, si katika katiba ya jimbo, kwa hiyo wanaobanwa nacho ndio wenye uwezo wa kukifuta. Wananchi nao hawana njia rahisi ya kukiweka wenyewe, kwa kuwa mahakama za Illinois zimekwisha kukataa, mwaka 1994 na tena 2014, mapendekezo ya ukomo wa mihula yaliyoletwa kwa saini za wapiga kura. Kazi hiyo inabaki kwa wabunge, na wapiga kura wa Illinois wana haki ya kumuuliza kila mgombea, kabla ya kumpa kura, kama yuko tayari kuipeleka miaka hiyo kumi kwenye katiba.