Gamba Gumu Hulinda Bomba, Lakini Hula Nini?

Tangu kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kizinduliwe 2024 kuvisha mabomba ya mafuta ghafi ya Hoima hadi Tanga, vijana wa Tabora wanaosomea uchomeleaji wameanza kuitazama kazi ya kuvisha vyuma kama ajira. Wengine wanaiwaza gesi ya kina kirefu nje ya pwani ya Lindi na Mtwara. Nawaunga mkono, ila watofautishe. Gamba la Sojo ni povu na plastiki ya kutunza joto la mafuta. La bomba la kuchimbia baharini ni chuma kigumu cha kuzuia kulika.

Wanaolitetea gamba hilo la chuma wana hoja nzito. Bomba hilo huzunguka likisugua ukuta wa kisima, na maungio yake yakilika linaweza kukatika. Kulitoa ni kulipandisha vipande vya kama mita 27 kimoja kimoja. Kina cha mita 5,000 kina vipande 185 hivi, huku meli ya kuchimba ikilipiwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Ndipo maungio yakaanza kuchomelewa mkanda wenye chembe za tangsteni kabaidi, kitu kigumu kuliko mchanga.

Balaa linaanzia hapo. Chembe za kabaidi zikichomoza, mkanda huikwangua kesingi kama tupa. Kesingi ni bomba la nje, limeshashikwa na saruji na halitoki tena. Likikonda, nguvu ya kuhimili shinikizo la gesi inapungua. Bomba la kuchimbia lililolika, kinyume chake, hubadilishwa tu. Kwa hiyo siku hizi kuna aloi, yaani michanganyiko ya metali, za kromiamu au niobiamu zenye uso laini, zinazoihurumia kesingi. Kwangu hizo ndizo sahihi, hata kama mkanda utarudiwa mapema.

Kwenye visima vya maji vya Tabora hesabu ni nyingine. Mwamba wetu ni granaiti, na hewa ya kompresa hurusha juu vipande vyake vyenye makali, vikiipiga nyundo ya kuchimbia, chombo kinachogonga mwamba ndani ya shimo, mpaka ubavu wake unang'aa na kukonda. Bomba la plastiki kwa kawaida hushushwa baada ya kuchimba, hivyo gamba gumu halina cha kukwangua ila mwamba. Hapo livishwe, mradi fundi akipashe chuma moto kwanza na kukiacha kipoe taratibu. Akiruka hatua hiyo, ufa huanzia kwenye mshono ukaingia kwenye chuma chenyewe, na nyundo ikikatikia chini isitoke, kisima kinaachwa na wanakijiji wanasubiri kuchimbiwa kingine.