Simu juu ya hadubini: stopu iwekwe wapi?

Watafiti wa akili mnemba wa Chuo Kikuu cha Makerere walishapachika simu kwenye hadubini wakapiga picha za vimelea vya malaria. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi wa Kampala au Mbarara anayesanifu lenzi ya kuunganisha vifaa hivyo viwili ana kazi yenye wateja. Akifungua programu ya kusanifu lenzi, mapema kabisa anaulizwa mambo mawili: mwanga unabanwa wapi na kwa kiasi gani (mahali hapo ndipo panaitwa stopu), na ni nukta zipi za uga wa mwono, yaani eneo linaloonekana, zitakazopimwa.

Wapo wanaosema andika namba ya f ya simu (urefu wa fokasi gawa kwa kipenyo cha tundu la mwanga), tuseme f/1.8, uanze. Hoja yao ina uzito. Programu itaishikilia namba hiyo hata ukibadili mipindo na unene wa vioo, nawe utalinganisha michoro yako kwa kiwango kilekile cha mwanga. Kwa kamera ya kawaida hata mimi ningeanza hivyo.

Kwa hadubini, hesabu inakataa. Lenzi ya kiolwa (iliyo karibu na slaidi) ya mara 100, ile ya mafuta, kwa kawaida ina NA, yaani kipimo cha upana wa koni ya mwanga inayoipokea, ya 1.25. Ukiioanisha na lenzi ya jicho ya mara 10, mwanga unatoka juu ukiwa na kipenyo cha milimita 0.63 hivi. Simu ya f/1.8 yenye urefu wa fokasi wa milimita 4.3 ina tundu la milimita 2.4. Tundu hilo halibani chochote! Kinachobana ni lenzi ya kiolwa, na stopu iwekwe humo kwa kipimo chake halisi, mengine yafuate. Ukiiweka kwenye simu, programu itajaza milimita 2.4 zote kwa miale ambayo hadubini haitoi kamwe, kisha itapoteza nguvu kusahihisha kasoro za miale hiyo.

Kuhusu uga, pembe zinafaa kwa vitu vya mbali. Kwenye slaidi zinatatiza, maana katika lenzi nyingi za kiolwa miale mikuu (ile inayopita katikati ya stopu) huondoka kwenye slaidi ikiwa karibu sambamba, na pembe zote zinakaribia sifuri. Tumia urefu wa kiolwa, yaani umbali wa nukta kutoka katikati ya uga kwenye slaidi: lenzi ya jicho yenye uga wa milimita 18, gawa kwa 100, unapata duara la milimita 0.18. Nukta ya mwisho iko milimita 0.09 kutoka katikati.

Idadi ya nukta ndiyo yenye ubishi wa kweli. Mazoea ni tatu: katikati, 0.7 ya nusu kipenyo, na ukingo, kwa kuwa 0.7 hugawa eneo la duara karibu nusu kwa nusu. Ni haraka, na kwa vioo vya kawaida vyenye uso wa tufe mara nyingi zinatosha. Wasanifu wengine wa lenzi za kamera huupunguzia ukingo uzito, yaani programu isiujali sana inaposahihisha kasoro. Hapo sikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani linataka nyuga zisizopungua 100 zikaguliwe kabla ya damu kutangazwa haina malaria, na kimelea cha ukingoni kinahesabiwa sawa na cha katikati. Ningeweka nukta tano zenye uzito sawa, hata kama kompyuta ya chuo itachukua muda mrefu zaidi.