Kwenda "kuhesabiwa" Desemba: utani mzuri, ila hesabu yenyewe sio ndogo

Ikifika katikati ya Desemba utani unaanza, ule wa sisi Wachaga kurudi kwetu Kilimanjaro kwa Krismasi. Maduka Kariakoo nusu yamefungwa, foleni ya Kimara imeyeyuka, ukiuliza mwenye duka la nati na bolti yuko wapi unajibiwa "mangi kaenda kuhesabiwa". Mi mwenyewe ni wa Rombo, Mamsera, na nacheka kama wengine. Ila mwaka jana jirani yangu, Mchaga wa Kibosho asilia kabisa, akaniambia bana mimi nimeacha, huu mwaka wa tatu siendi, na sababu alizonipa nilishindwa kuzijibu palepale nikiwa nafunga mizigo kwenye kerea. Nimekuwa nikibishana naye kichwani tangu siku hiyo.

Nianze na zake maana nyingi ni za kweli. Ana watoto watatu, ukijumlisha na wao wawili ni viti vitano kwenda na vitano kurudi, na nauli za Desemba wote tunazijua, ile ya kwenye karatasi ya LATRA, wasimamizi wa usafiri, na ile unayoambiwa pale Mbezi saa kumi alfajiri gari limejaa. Bado hujanunua sukari, mchele, kitenge cha mama, mchango wa mbuzi, bahasha ya kanisani (wana wa parokia mnaoishi Dar mnaombwa kusimama, na ukisimama ndio umeshatoa). Anasema Krismasi alikuwa anaitwa bosi, tarehe 8 Januari anakopa hela ya madaftari kwa fundi wake mwenyewe. Alafu kuna barabara. Abiria wanakuwa wengi mpaka daladala za mjini zinapewa vibali vya muda, dereva aliyezoea Mbagala na Kariakoo anajikuta saa nane usiku kwenye ule mnyooko wa Same, hajalala tangu juzi. Hilo silibishi, kila mwaka tunazika.

Na kujionyesha kupo, tusidanganyane. Kuna gari za kukodi zinazopandishwa mlimani mwenye nazo akiwa na deni la miezi sita, na kuna nyumba za vigae na geti la umeme ambazo miezi kumi na moja wanalala popo na mlinzi. Jirani anasema ile sio kumbukumbu ya nyumbani, ni mashindano.

Sawa. Lakini hapa ndio naona watu wanakosea, wanaangalia gari na mbuzi wanadhani wameona safari yote.

Kuhesabiwa kwenyewe ni kitu gani? Kwetu kunafanyika tarehe 26. Tunakaa chini ya mparachichi, mabenchi yameazimwa kanisani, baba mdogo (yeye ndio kitinda mimba, ndio amebaki na kihamba, shamba la migomba la ukoo, la babu kama desturi) anafungua daftari la kaunta, anasoma nyumba moja moja. Nani yupo, nani kazaliwa, nani kafunga ndoa, nani kafiwa, nani hajaonekana mwaka wa ngapi sasa. Watoto wanapelekwa kwa bibi mmoja mmoja, bibi anawashika uso kwa mikono miwili anauliza huyu ni wa nani. Mwaka juzi binti yangu mdogo alijibu "mimi wa Kimara", watu wakacheka mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika, bibi hakucheka, akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba akamwonyesha kaburi la babu, akamwambia wewe ni wa huyu. Sasa mtoto wa miaka sita hilo unamfundishaje kwa vidio kol?

Na kuna namba moja inanisumbua kuliko nauli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti. Mkoa wa Kilimanjaro ulikutwa na watu 1,861,934. Sensa ya 2012 walikuwa 1,640,087. Yani miaka kumi umeongeza laki mbili na elfu ishirini na kitu, kama asilimia 13 na nusu hivi, wakati nchi nzima imetoka milioni 44.9 hadi 61.7, ambayo ni asilimia 37. Utasema uzazi wa mpango, na ni kweli, kule watu wanazaa wachache siku hizi. Lakini angalia Pwani, hapohapo miaka kumi imetoka kwenye milioni moja na laki moja kwenda milioni mbili na kitu. Hao wameshuka kutoka mbinguni? Mmoja ni kaka yangu, amejenga Kibaha. Mwingine ni binamu yuko Mkuranga anafuga kuku. Agosti wamehesabiwa huko na ni sahihi, ndio wanapolala, ndio wanapohitaji maji na zahanati.

Kwahiyo mtu wa kwetu ana hesabu mbili. Serikali inamwandika Agosti anapolala, ukoo unamwandika Desemba anapotoka, na ile ya pili haina karani wala kishikwambi, ina baba mdogo na daftari lake tu. Watu wakiacha kupanda, namba ya mlimani haitabadilika hata moja kwenye vitabu vya serikali, itabadilika kwenye lile daftari. Nikilifikiria hilo nauli naiona ndogo, na najua jirani ataniambia ni kwa sababu sio mimi niliyekopa kwa fundi.

Kahawa ndio ilikuwa inashikilia watu zamani. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933 na baba zetu wengi wamesomeshwa na debe za kahawa, siku hizi bei hiyo haisomeshi mtu, na kihamba kikigawanywa kwa wana wanne kizazi baada ya kizazi kinabaki upana wa kugeuzia Noah. Watu hawakuondoka kwa dharau, ardhi ilikwisha. Ndio maana hata treni ya abiria ya Moshi iliporudishwa baada ya zaidi ya miaka ishirini, ilirudishwa Desemba 2019, sio Machi. Aliyepanga alijua abiria wake.

Alafu kuna kazi ambazo simu haifanyi. Bibi ukimpigia kila Jumapili anasema sijambo mjukuu wangu, macho mazima, namshukuru Mungu. Mwaka mmoja tulipofika akatumiminia chai, nikaona anamimina pembeni ya kikombe, kwenye trei, anaendelea kuongea tu. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga jicho la kulia na la kushoto lilikuwa njiani. Tarehe 28 tukampeleka mjini, wakamfanyia upasuaji. Baba mdogo anaishi naye nyumba moja hakuona, maana wanaonana kila siku, aliona anayekuja mara moja kwa mwaka.

Au mipaka. Wana wawili wa baba mkubwa walikuwa hawasalimiani miaka minne kisa mstari wa masale, mimea tunayopandia mipaka, kati ya viwanja vyao, mmoja anasema mwenzake kaisogeza mimea hatua tatu akiwa yeye yuko Mwanza. Wamepigiana simu wametukanana, wametumiana meseji za kwenda kwa wakili. Desemba moja mdogo akachuma jani la isale akafunga fundo, akamtuma mtoto alipeleke kwa kaka yake. Kwetu isale likiletwa la kuomba msamaha hulikatai, ukilikataa umejitafutia laana. Kaka alikaa nalo mkononi kama dakika kumi hivi pale kwenye ngazi, hasemi kitu, alafu akaita chupa ya mbege. Hatua tatu zenyewe mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Ningeambiwa niandike faida za safari za Desemba kwenye pesa hiyo ningeiweka shilingi ngapi? Kumlipa wakili tu wangeuza vipande vyote viwili.

Kwahiyo jirani akisema ni hasara, mi naona anahesabu upande mmoja wa daftari. Ada ya Januari nakubali, ila hiyo dawa yake sio kutokwenda, ni kwenda na mchele kilo kumi badala ya gunia na kukaa kimya mchango wa maspika ukitajwa. Hakuna aliyefutwa kwenye ukoo kwa kuja na basi. Barabarani pia kuna namna, tangu mabasi yaruhusiwe tena kukimbia usiku mwaka 2023 watu wameanza kudhani ni lazima kusafiri usiku, sio lazima, unaweza kupanda tarehe 18 asubuhi ukiwa na akili zako.

Ila kuna mtu mmoja hoja yake sijaipatia jibu na sio jirani. Ni mke wangu.

Yeye kwao Masasi. Tangu tuoane Krismasi zote tisa tumekwenda Rombo, na Rombo kwake sio likizo. Mi nikifika napewa kiti na kata ya mbege, yeye anapewa kanga na kisu. Mtori wa watu arobaini, ndizi mshare za kumenya tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka vidole vinakuwa vyeusi na utomvu haukubali kutoka hata kwa ndimu, moshi, maji ya baridi yale ya mlimani, na mawifi wanaouliza kwanini hajajifunza kilugha. Mwaka jana tukiwa tumefika Segera tunarudi, mkungu uko juu ya gari na watoto wamelala, akaniambia bila hasira kabisa: "Nyie mmeshahesabiwa. Mimi kwetu wananihesabu lini?"

Nikakosa cha kusema mpaka Chalinze. Maana yote niliyoandika hapo juu, bibi anayemimina chai kwenye trei, kaburi nyuma ya migomba, na yeye anayo, yapo chini ya mikorosho, na tangu daraja la Mkapa lifunguliwe 2003 hakuna hata kisingizio cha pantoni ya Rufiji. Hoja yangu nzima ya kumshinda jirani ndiyo hiyohiyo inayonishinda nyumbani kwangu.

Mwaka huu tunashuka kusini. Nimempigia baba mdogo wiki iliyopita kumwambia, akanyamaza kidogo, nikasikia anafunua karatasi. Akaniuliza, "Sasa hapa niandike mmesafiri, au niandike hamjaja?"