Bilauri za Franz Tieze zirudi kabatini

Mwaka 1994 mtafiti Peter Francis alionyesha katika jarida la The Burlington Magazine kwamba bilauri nyingi za Ireland zenye nakshi ya Mfalme William wa Tatu, zilizodhaniwa ni za karne ya 18, zilinakshiwa na Franz Tieze, fundi wa Bohemia (leo Jamhuri ya Cheki) aliyehamia Dublin na kufariki 1932. Kwa wengi mjadala uliishia hapo: feki, zitolewe kwenye makabati ya makumbusho, ziwekwe stoo.

Hasira yao ina msingi. Bilauri hizo ni za kunywea heshima ya William, Mprotestanti aliyemshinda James wa Pili, Mkatoliki, katika Vita vya Boyne vya 1690, na huko Ireland Kaskazini bado watu huandamana kila Julai 12 kwa ajili yake. Kughushi kitu cha namna hiyo ni kupeleka shahidi wa uongo kwenye kesi ambayo haijaisha. Na aliyelipa bei ya kitu cha kale akapewa cha juzi, ameibiwa. Hapo sibishi.

Ila itazame kazi yenyewe. Mnakshi hashiki kifaa akakipitisha juu ya kioo. Huibana bilauri kwa mikono miwili na kuipandisha hadi iguse tumbo la gurudumu dogo la shaba linalozunguka, limepakwa mafuta na unga wa msasa. Mafuta yale humziba macho pale pale anapokata. Anapangusa, anatazama, anarudisha. Mguu wa farasi wa mfalme ukizama kidogo tu kupita kiasi, hakuna kufuta. Ni ufundi ambao mnakshi Caspar Lehmann alipewa haki yake ya pekee huko Prague, Bohemia, mwaka 1609, na Tieze alitoka nao kwao.

Wataalamu huchukua lenzi na kusoma mikwaruzo ya matumizi. Mkwaruzo ukipita juu ya nakshi, nakshi ilitangulia. Nakshi ikiukata mkwaruzo, mkono ulikuja baadaye. Kipimo kizuri, nami nakiamini. Lakini kinachotoka hapo ni nani alitangulia, basi. Nani alidanganya, fundi, aliyeagiza au muuzaji aliyeongeza miaka mia dukani, lenzi haioni. Adhabu yote tumemtwika aliyeshika bilauri, huku uongo mwingi ukikaa kwenye kikaratasi cha maelezo.

Kikaratasi hubadilishwa kwa dakika tano: Franz Tieze, Dublin, kwa mtindo wa karne ya 18. Kisha taa iwashwe, watu wamwone yule farasi.