Treni Ipo, Sisi Tunapanda kwa Miguu

Jamani, hebu niulize. Huku Uswisi kuna mlima una treni. Treni imejengwa na watu wenye akili zao, ikafunguliwa mwaka 1910, inaanzia chini kabisa pale Mülenen na kukupeleka hadi karibu na kilele cha Niesen, mita 2,362 juu ya usawa wa bahari. Unakaa kitini, unabadilisha behewa katikati pale Schwandegg, unashuka, unatazama mandhari, unakunywa kahawa, unarudi kwako. Sasa kuna mtu ameitazama treni hiyo, akaguna, akasema sisi tutapanda kwa miguu. Mtu huyo ni baba mkwe wangu.

Na mkwe hakataliwi. Angekuwa rafiki ningemwambia nina mgeni. Angekuwa bosi ningeleta karatasi ya daktari. Lakini huyu ndiye aliyenipa mke, nami nimelelewa Tanga, ambako ukikutana na mkwe njiani unashuka kwenye baiskeli. Akasema, "Jumamosi ijayo, mimi na wewe, Niesen." Mdomo ukajibu "Ndiyo, Baba" bila kushauriana na magoti.

Tatizo ni kwamba mzee anaamini mimi ni mtu wa milima. Hapa Bern ukitaja Tanzania tu, watu wanakuona umetokea kileleni Kilimanjaro na begi lako. Mimi Kilimanjaro nimeuona kwenye dirisha la basi la Arusha, na siku hiyo ulikuwa umejifunika, kwa hiyo nilichokiona hasa ni mawingu. Aliyeupanda ni yeye, kwa njia ya Marangu, na picha iko ukutani sebuleni kwake. Ukiichungulia vizuri, nyuma yake wamepanga mstari wagumu wetu, yaani wapagazi, kila kijana na furushi kichwani, na mzee mbele amebeba chupa ya maji na kamera. Nilipomuuliza kwa adabu zote wagumu wa Niesen tutawapata wapi, alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akanipigia hesabu ili kunitia moyo. Marangu gari linakufikisha hadi getini, zaidi ya mita 1,800, na siku ya kwanza ya kwenda kambi ya Mandara unapanda mita ambazo hazifiki hata 900. Mülenen iko kwenye mita 690 hivi. Toeni wenyewe: karibu mita 1,670 za kupanda, siku moja, hakuna kulala njiani. Yaani mlima ambao haufiki hata nusu ya Kilimanjaro, siku yake moja ina mateso ya siku mbili za Marangu. Moyo wenyewe niliotiwa ndio huo.

Maandalizi sasa. Ni kamati ya harusi, wallahi. Kuna kundi la WhatsApp la watu wawili, mwenyekiti na mjumbe, na ajenda haziishi. Ya kwanza ilikuwa ramani. Huku kibao cha njia hakikwambii kilomita, kinakwambia muda. Huu wetu ni masaa 5 hivi hadi juu, na huo ni muda wa kutembea mfululizo. Ukikaa chini kuvuta pumzi, hiyo ni juu yako. Klabu ya milima ya Uswisi nayo imezipanga njia kwa madaraja, T1 nyepesi mpaka T6 ngumu. Mzee anasema yetu ni ya kawaida tu, imechorwa nyeupe-nyekundu-nyeupe kwenye mawe. Nikaenda kusoma kimyakimya maana ya rangi hizo: njia inaweza kuwa nyembamba na ya mwinuko mkali, mpandaji awe na mguu imara na asiwe mtu wa kizunguzungu. Mimi nikibadilisha balbu namwita mtu anishikie kiti.

Ajenda ya pili, viatu. Mzee alichukua raba zangu, akazikunja kwa mikono miwili mpaka ncha ikagusa kisigino, akazirudisha chini taratibu bila kusema neno. Nikajua tunaenda dukani. Muuzaji akanivalisha buti, akanipandisha kwenye kijimlima cha mawe ya bandia kilichokuwa katikati ya duka, nikapanda, nikashuka, na mama mmoja aliyekuja kununua soksi akanipigia makofi. Bei yake sitaitaja. Kwa pesa ile Tanga unatoka na baiskeli na bado unabaki na ya kuwekea taa.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi: ajali. Helikopta ya uokoaji ya Rega unaiita kwa namba 1414. Simu isiposhika mtandao, unapiga filimbi mara 6 kwa dakika, unapumzika dakika moja, unaanza tena. Nikamwambia mzee, Baba, mtu mwenye pumzi ya kupiga filimbi mara 6 kwa dakika anatafuta nini kwenye helikopta? Hakucheka. Akaendelea: ikifika, nyoosha mikono yote miwili juu, maana yake ndiyo, nahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini, maana yake hapana. Mimi tangu utotoni nikiona ndege napunga mkono mmoja. Yaani nitakuwa nimevunjika mguu, napunga kwa furaha yote, rubani anasoma "hapana, asante," anageuza.

Na kuna ng'ombe. Msimu wa joto wanalisha hukohuko juu, na mwenye ndama hapendi kusogelewa. Hapo sikupiga kelele, hayo ninayaelewa.

Nilimpigia Mama simu kumweleza. Akauliza, "Treni imeharibika?" Nikamwambia nzima, Mama. Kimya kidogo. "Sasa umewakosea nini watu wa watu?" Nikamweleza kwamba ndiyo starehe yao. Akaguna, akasema basi atanishika kwa dua, Mungu anifungulie hali ya hewa.

Hata wachoraji hawakuhangaika hivi. Ferdinand Hodler aliuchora Niesen mwaka 1910 akiwa bondeni Heustrich, na Paul Klee akauchora mwaka 1915 kama piramidi ya buluu. Umaarufu wameupata, magoti wamebaki nayo. Mandhari nitakayoyakuta juu, ziwa la Thun upande mmoja, vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau upande mwingine, ni yaleyale atakayoyaona aliyepanda treni saa nne asubuhi, ameoga, ananukia. Nilipomdokezea mzee, akasema usiwe na wasiwasi, kushuka tutapanda treni, maana magoti yake hayapendi mteremko. Kumbe treni si haramu. Ni haramu asubuhi tu.

Kitu kimoja nitakisifia, nisije nikaitwa mnafiki. Kwenye tramu ya Bern unaweza kukaa ubavuni mwa mtu mwaka mzima asikujue. Mlimani, watu haohao, kila mnayepishana anakusalimia: Grüessech, Grüessech. Nafikiri ni ile hali ya kutojua nani atakuja kukuokota.

Tumaini langu lilikuwa radi. Siku za joto radi hupiga mchana hukohuko juu, ndiyo maana mzee anataka tuondoke Bern na treni ya alfajiri, na amekubali kwa mdomo wake kwamba utabiri ukiwa mbaya tunaahirisha. Mpaka jana, utabiri wa Jumamosi kwenye simu ulikuwa na wingu na kijiradi kizuri cha njano. Leo nimefungua simu, jua tupu, kuanzia asubuhi hadi magharibi. Nimempigia Mama haraka apunguze dua. Amepokea mdogo wangu, anasema Mama yuko kwenye swala, na leo amewaita na majirani.